Wavu Wako Ungali Golini

Ba Mulenga, rafiki yangu,

Huko uliko sijui kama kuna mupira. Hapa Kashikishi, tangu tukuzike, refa hajatukanwa vizuri hata siku moja. Watu wanajaribu, lakini sauti hawana.

Nakuandikia kwa sababu ya wavu. Unakumbuka mwaka ule ziwa lilipofungwa ili samaki wazaane, wakubwa wa idara ya samaki wakapita nyumba kwa nyumba wakichoma nyavu za matundu madogo? Wavu wako, hata kidole kidogo hakikupita. Ukaja kwangu umeukumbatia: "Ba Ilunga, nauficha wapi?" Sisi tuliotoka Kongo tunajua: kitu cha kuficha kinawekwa mbele ya watu. Ukaufunga golini. Jumapili wakaja wenyewe kutazama mechi, mukubwa wao akausifu: "Goli kali! Hapa hata dagaa chisense haitoki." Nilijifanya nakohoa.

Wewe ulisema mupira ni kazi ya watu wasio na mutumbwi. Lakini wavu ni wako, basi kila mechi uliketi kwenye ndoo nyuma ya goli, ukilinda. Mwezi wa kwanza ulipiga kelele, "Musipige kwa nguvu, mutautoboa!" Mwezi wa pili, "Pigeni!" Ziwa likafunguliwa, wavu ukabaki pale pale, wewe ukavua kwa ndoano kama mutoto. Wakiniuliza mutu anapendaje mupira, nawajibu: alienda kulinda kitu chake.

Bon, basi. Wiki mbili zilizopita mudogo wako Chanda akatoka Mununga kuuchukua. Urithi wake, anasema. Muke wako akamwambia, "Shemeki, ngoja mechi iishe." Ule wavu ukienda, ni nini chako nitakachokiona tena kila Jumapili? Nikamupa Chanda ndoo yako tu, akae, aulinde usiibiwe.

Kipindi cha kwanza alikuwa anahesabu mafundo. Cha pili alisimama, ndoo ikapinduka, akamwita refa jina ambalo hata wewe hukulijua. Jioni akasema wavu wenyewe umechoka, hawezi kubeba takataka mpaka Mununga.

Jumapili hii alifika kabla ya wachezaji.

Pumzika, Ba Mulenga. Nitaushona mpaka macho yaniishie, hata lile tundu ulilolitoboa wewe mwenyewe kwa kuurukia kwa furaha. Na nimejitafutia ndoo. Yako imekaliwa.

Ni mimi,
Ilunga