Boti Ambayo Haikuondoka Nyamisati

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Elinipendo Mbwambo. Umri: miaka 49. Dini: Mkristo. Kazi: muuguzi mkunga, zahanati ya kisiwani. Makazi: kata ya Mbwera, Wilaya ya Kibiti.

Nakumbuka vizuri na sihitaji kusaidiwa kukumbuka.

Mnamo tarehe 11/03/2025, saa 3:10 asubuhi, Tamimu, mvuvi wa kaa, alimleta mkewe Sabra akiwa na mimba ya miezi tisa, akitokwa damu nyingi. Alihitaji upasuaji. Mto ulikuwa umejaa, unapitika, na Tamimu alikuwa na mtumbwi na wapiga kafi wawili.

Saa 3:14 niliomba boti ya wagonjwa kwa simu tuliyopewa na mradi wa boti hiyo. Sekunde moja haikupita, simu ikajibu: "Boti imeondoka Nyamisati. Dakika 50." Mradi ulituagiza kwamba boti ikishajibu, mgonjwa asiondoke, kwa sababu mito ya delta ni mingi na watapishana. Nilimwambia Tamimu afunge mtumbwi. Alisema, "Sista, maji hayatusubiri." Nikamjibu asinifundishe kazi.

Saa 4:10 niliomba tena. Jibu lilikuwa lile lile, dakika 50. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Saa 5:40 mto ulikuwa tope na mtumbwi umelala ubavu. Sabra alifariki saa 6:20 mchana, mtoto akiwa bado tumboni.

Tarehe 13/03/2025, saa 4:00 asubuhi, Nicolaus, mtaalamu wa kompyuta wa mradi, alifika kwa boti hiyo hiyo kukagua simu. Tamimu alikuwa ameketi barazani na kafi lake. Nicolaus aliunganisha simu na kompyuta. Kisha akaeleza kwamba wakati wa majaribio ofisini Kibiti hakutaka kumsumbua nahodha kila mara, kwa hiyo aliweka ndani ya simu huduma bandia ya kujibu badala ya nahodha. Majaribio yote yalifaulu. Alisahau kuiondoa. Maombi yangu hayakutoka nje ya simu.

Andika na hili, afande, hata kama hukuliuliza: anayejiuliza na kujijibu mwenyewe hajajaribu kitu, amejipongeza. Na wakubwa waliopiga makofi siku ya uzinduzi hakuna aliyeuliza kama boti imewahi kuitwa kutoka Mbwera ikaja.

Tamimu aliuliza, "Kwa hiyo, kaka, nani alimjibu sista?"

Nicolaus alisema, "Ni mimi, kaka. Lilikuwa jibu la mfano tu."

Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili lilivunja mkono aliojikinga nao. Kafi likakatika, Tamimu akaendelea na kipande kilichobaki, kichwani, Nicolaus akiwa ameshaanguka. Nilihesabu mapigo saba. Meno mawili yalibaki juu ya kompyuta. Nicolaus alipelekwa na boti, na hadi leo hajaongea.

Umeniuliza kwa nini sikuzuia. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kupigwa. Tamimu alinigeukia na kile kipande, akakishusha, akasema, "Wewe uliambiwa tu, sista."

Si kweli. Dirisha la wodi linatazama mto. Niliyaona maji yakipwa, nikaendelea kutazama simu.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo.

Saini: E. Mbwambo

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Muhidini, tarehe 14/03/2025, saa 5:25 asubuhi. Shahidi amesomewa. Nimemshauri aondoe aya inayoanza "Si kweli" kwa kuwa inaweza kumtia hatiani. Amekataa, akasaini mara ya pili pembeni ya aya hiyo.