Tabaga Nyuma ya Bega Lako

Doha, bwenini, siku yangu ya mapumziko

Baba Shamim, mume wangu,

Assalamu alaikum wewe na wote walio uani kwetu Koboko. Mimi ni mzima, ila vidole vimechubuka kwa sabuni na goti la kushoto linanisumbua nikishuka ngazi. Nyinyi je? Mgongo wako unaendeleaje na huko kuinama na fyekeo kutwa nzima? Presha ya mama yako imetulia? Mihogo ya shamba letu la Lobule imetoka, au mvua imewahadaa tena? Na Shamim, anakula? Hilo la mwisho ndilo nililotaka kuuliza kwanza, nikaona haya.

Barua hii anakuletea Candiru, yule mwenzangu wa Vurra ninayelala naye chumba kimoja. Mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu imeniponza vya kutosha, na kwa sababu binti yetu hapokei simu yangu. Karatasi, hata akiitupa, atakuwa ameishika kwanza. Utacheka Kiswahili changu. Hapa nafanya kazi na Watanzania, kila nikifungua mdomo wananisahihisha, mpaka na mimi nimeanza kuandika kama mwalimu wa shule.

Nataka nikueleze nilivyoiona picha ile, maana wewe ulikuwa upande wa kupigwa.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Chumba chetu cha kufulia kiko chini kabisa ya hoteli, mtandao haufiki, kwa hiyo tukipanda juu simu zinaanza kulia zote pamoja. Yangu ilikuwa na ujumbe wa jirani yetu Mama Rukia. Hakunisalimia. Alituma tu ukurasa wa polisi wa huko kwetu, na chini yake vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nikafungua nikiwa nimeshika kijiko. Nikakuona umekaa chini pekupeku, umeshika karatasi kifuani yenye majina yako yote matatu kwa herufi kubwa, na kosa lako limeandikwa hapo hapo: kuingiza krimu za kujichubua kutoka Kongo kwa njia za panya. Mbele yako makatoni yamepangwa kama dukani. Juu wameandika kwamba mahakama ya Arua imekutia hatiani, umekiri mwenyewe, utafyeka nyasi za kituo cha afya kwa wiki sita, na wengine wenye tabia hiyo wajifunze kwako.

Mke mwema angelia hapo. Mimi, Mungu anisamehe, nilikodolea macho shati.

Lile la buluu. Wewe na pasi hamjawahi kujuana, Baba Shamim, tangu unioe. Na mimi kazi yangu hapa ni mikono ya mashati, asubuhi mpaka jioni, naijua kama wengine wanavyojua nyuso. Mkono wa shati lako ulikuwa na mstari mmoja ulionyooka kutoka begani mpaka kwenye kifungo. Nikajiuliza, mtu aliyetoka mahabusu ameletewa shati na nani, na nani amekaa na pasi ya mkaa kumnyooshea namna hiyo.

Nikakuza picha. Nyuma ya bega lako la kulia kuna benchi, na juu ya benchi sahani ya chakula imefunikwa na tabaga, kawa kwa Kiswahili cha hawa Watanzania wangu. Pembeni kuna mkono wa mwanamke unaishikilia isipeperushwe na upepo. Mkono tu, mwili umekatwa na picha. Una hina na bangili ya shaba.

Wewe ni Mnubi kama mimi, unajua nilichokisoma hapo. Mama yangu aliniambia siku ya harusi yangu, chakula cha mumeo kikitoka nje ya nyumba kitoke chini ya tabaga uliyoisuka wewe, watu wajue ana mtu. Na kila mwanamke anajulikana kwa jicho la tabaga yake, pale katikati anapoanzia kusuka. Langu ni jeusi siku zote, hata mama yako analijua akiliona sokoni. Hili lilikuwa njano. Njano ya kung'aa, ya kujionyesha, njano ya mwanamke anayetaka aonekane mpaka Doha.

Nilimwonyesha Candiru. Yeye ni Mlugbara na Mkristo, tabaga kwake ni kitu cha kununua sokoni Arua na kutundika ukutani. Akasema, "Wewe, bwana yako iko kwa polisi, na wewe naangalia sahani?" Nikamwambia haelewi. Akasema, "Mimi naelewa sana. Iko wivu."

Mchana ule niliunguza foronya mbili. Nilikuwa nimeshampa yule mwanamke jina, nikampa na nyumba ya bati karibu na stendi, nikamwona anavyokaa mlangoni akikusubiri utoke mpakani Vurra na mzigo. Nikakumbuka krimu. Nikasema, kumbe hazikuwa zote za kuuza, kuna mtu anapakwa. Maana kwenye jua lile mkono wake niliuona mweupe kuliko wangu, na mimi hujawahi kuniletea hata kopo moja. Hapo nikafunga kesi. Hakimu wa Arua alichukua muda kuliko mimi.

Halafu nikafanya kosa la kusoma maoni ya watu. Watu wa kwetu wakiwa na bando hawana huruma. Mmoja anasema, "Huyu mutu mimi najua yeye, nyumba yake iko nyuma ya soko." Mwingine anauliza kama krimu zimebaki, anataka mbili. Na mmoja, sijui ni nani, ameandika, "Bibi yake iko Uarabuni nafua, yeye huku nakula raha."

Basi nikaandika na mimi. Unajua nilichoandika, ila nitakiandika tena hapa ili nisijifiche. Nilisema: Mimi ndiye mke wake. Kosa la krimu ameshakiri. Sasa polisi wamuulize hiyo tabaga ya njano ni ya nani, na huo mkono. Nikabonyeza, kwa jina langu na picha yangu ya sare, nikarudi kwenye pasi nimetulia kama mtu aliyekwisha kutapika.

Nilipopanda tena jioni, maneno yangu yalikuwa yamesomwa kuliko habari yenyewe. Mtu alikuwa ameuzungushia ule mkono duara jekundu, akauliza nani anaufahamu. Wakaanza kutaja wanawake wa Koboko, mmoja mmoja. Na mimi nilifurahi, Baba Shamim. Nilikaa kitandani nikisoma majina nikifurahi, nikisubiri apatikane. Polisi walikuanika wewe peke yako, na ulikuwa na kosa. Mimi nikaanika nyumba nzima.

Siku uliponipigia, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya wiki nzima. Hukunipa nafasi. Ulisema, "Mama Shamim, kwa serikali mimi nakosa, nakubali. Kwako mimi hapana kosa. Ile mukono iko ya mutoto yako."

Nikasema, mtoto gani.

Ulinisikia. Nilikuuliza mtoto gani, kana kwamba ninao wengi.

Nilimwacha Shamim mkono wake ukiingia wote ndani ya kiganja changu, nikimvusha barabara unapotea humo. Kwenye simu ananionyesha uso na meno, mikono ameshikia simu. Miaka mitano sijauona mkono wa mwanangu, na ulipotokea mbele yangu nikauchukia. Ukanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Kwamba tabaga zangu za zamani zililiwa na panya. Kwamba mama yako alimfundisha kusuka likizo iliyopita. Kwamba walipanda gari la kwanza kutoka Koboko, yeye na bibi yake, na sahani mapajani mpaka Arua, na picha ilipopigwa bibi alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kutawadha. Hina ilikuwa ya Idi. Shati alilinyoosha mwenyewe. Nikakuuliza, na sauti yangu bado ilikuwa ya kesi, ile njano ameitoa wapi?

"Iko kamba yako," ukasema. "Ile wewe nafunga nayo muzigo ya Idi. Yeye nafungua polepole, naweka."

Utepe wa kufungia nguo safi, Baba Shamim. Uko mezani kwangu kila siku, mviringo mkubwa wa njano, naukata kwa meno nikikosa mkasi. Mabaki yake ndiyo nilifungia mzigo wenu. Mtoto ameuchana nyuzi nyuzi akaufanya jicho la tabaga yake ya kwanza, na mimi nikauita njano ya malaya. Kesho yake niliposhuka kazini sikuweza kuugusa. Nilimwomba Mtanzania mmoja anifungie mafurushi.

Sasa mama yako amenitumia sauti. Anasema shuleni wameijua bangili, wanamwita Shamim Mkono. Anasema anavaa sweta kwenye joto lote hilo, mikono ameivuta mpaka kwenye vidole. "Mutoto nakataa kusuka. Nasema mukono yake naharibia watu." Nimeisikiliza sauti hiyo mpaka Candiru akaninyang'anya simu. Maneno yangu nimeyafuta, lakini watu walishayahifadhi, yanazunguka bila mimi. Niliandika mengine ya kueleza kwamba mkono ule ni wa binti yangu amempelekea baba yake chakula. Hakukuwa na la kuchekesha, kwa hiyo hayakusambaa. Wewe wiki sita zako zitaisha, nyasi zitaota tena. Hiki nilichomfanyia mtoto sijui kinafyekwa na nini.

Lakini nikuambie ukweli, maana nikikuficha nitakuwa nimeandika bure. Wivu haujaisha. Umehamia kwingine. Namwonea wivu mama yako. Kumfundisha kusuka ilikuwa kazi yangu. Kumpaka hina ya Idi ilikuwa yangu. Nanyoosha mashati ya watu ambao hata sura zao sizijui, na mwanangu amejifunza kunyoosha mkono wa shati kwa mwingine, na amejua kweli, mimi ni fundi nasema. Na wewe nakuonea wivu kuliko mama yako. Siku yako mbaya kuliko zote, umekaa chini mbele ya watu wote na karatasi kifuani, nyuma yako alikuwepo mtu aliyekushikia sahani isiingie vumbi. Mimi siku zangu nzuri hapa nakula nimesimama. Nikiitazama picha ile sasa, na naitazama bado, sioni mfungwa. Namwona mtu aliyeletewa chakula na Shamim.

Nimemwambia msimamizi sitaongeza mkataba. Imebaki miezi mitatu. Tutalima Lobule, nitafua Koboko kama kuna wa kufuliwa, na wewe krimu basi. Ukizitaka kwa biashara, hapana. Ukizitaka kwa ajili ya mtu, nitajua, umeona mwenyewe naona mpaka vitu visivyokuwepo.

Mwambie mama yako naomba jambo moja, na ampe heshima yangu kabla ya kulisikia. Ile tabaga ya pili ambayo mtoto ameiacha nusu, asiitungue pale ukutani ilipotundikwa, na wala asimmalizie. Akirudi kusuka kwa hiari yake, amwelekeze yote mpaka mwisho, lakini ukingo amwachie. Kwenye picha nimeona ukingo wa ile ya kwanza umelegea upande mmoja. Kufunga ukingo nataka nimfundishe mimi.

Nisalimie mama mkwe wangu, ambaye nimemwonea wivu na bado nampenda. Msalimie shemeji Ramadhani wa Ludara, umwambie nimesikia ndiye anayekuletea maji pale kwenye nyasi, Mungu amlipe. Mama yangu wa Arua akija, asisomewe ile sehemu ya maneno niliyoandika kwa polisi, presha yake haihimili. Mama Rukia naye msalimie, ila kwa ufupi.

Mimi mkeo mwenye kosa na mwenye wivu,
Mama Shamim

Karatasi ya nyuma ni ya Shamim. Usimweleze kitu, usinitetee, mpe tu. Sikuandika neno hapo. Nimeweka mkono wangu wa kulia nikauzungushia kalamu, na hivyo vidole vinavyoonekana vinene ni kwa sababu ya sabuni. Akipenda, aweke wake juu yake na achore, kisha unirudishie karatasi. Nataka nikishuka Koboko niujue.