Kisu cha Mpini wa Plastiki

Kaka,

Visu vyako viwili vya kukunja vimefika salama. Paka amezaa tena juu ya magunia, na mlango wa nyuma sasa unafungika. Umeuliza tuagize kipi kwa ajili ya duka.

Agiza chenye mpini wa plastiki. Ule wa mti unapendeza, lakini mteja hanunui kabati. Umeng'arishwa mno, mkono ukiloa, unateleza kama sabuni. Plastiki imetiwa mistari, inashikika hata kwa mkono wenye mafuta. Nimekata kamba kwa kisu hicho kutwa nzima na makali yake yako vilevile. Cha mti kilianza kuitafuna kamba kabla ya chai. Nilikinoa, kikarudia ujinga wake. Sura nzuri, tabia mbovu, kama yule mchumba wako wa kwanza.

Najua utauliza Baba amesemaje. Amesema plastiki. Alivishika vyote, cha mti kikamponyoka.

Unakumbuka alivyokuwa akijaribu kila kisu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake wa kushoto, tukamtania kwamba upara umemwanzia mkononi? Kaka, vinyweleo vimeota. Mkono wake wa kulia hauna nguvu tangu mvua zianze. Amenikataza kukuandikia hilo, ndiyo maana nimekuandikia habari za visu.

Duka usilihofie. Njoo umwone yeye. Mimi utanitambua tu: mkono wangu wa kushoto hauna hata kinyweleo kimoja.

Ni mimi, mdogo wako wa dukani.