Ameiosha Rupia

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika karibu na adhuhuri, na sasa Kyela nzima inafuka joto kama sufuria iliyofunuliwa. Vitambaa vya wateja vimelala mezani na mimi sijashona hata mkono mmoja wa gauni. Leo akili yangu haikuwa kwenye cherehani.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni fundi nguo, na ugonjwa wangu ni pesa za zamani. Majirani zangu wa sokoni wananicheka mpaka basi. Wanasema wenzangu wanatafuta pesa, mimi natafuta ile isiyonunua hata kiberiti. Wacheke tu.

Siku zote nimetamani rupia ya Mjerumani, ile ya fedha, upande mmoja Kaizari na kofia yake yenye tai, upande mwingine simba na mnazi. Mwaka jana niliiona mtandaoni, kiherehere kikanishika, nikalipa bila kuuliza chochote. Ilipofika nikaisogezea sumaku yangu ya kuokotea pini. Ikanata! Fedha hainati kwenye sumaku, hata mtoto anajua. Nililia kweli, sikutanii.

Baada ya hapo nikajifunza kuangalia. Sarafu bandia iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo usoni kama kitumbua, herufi zake zimevimba, na ukingoni ina mshono. Mshono haunidanganyi, ndiyo kazi yangu. Halafu kuna daraja, yaani sarafu halali imechakaa kiasi gani. Unatazama sehemu zilizoinuka, shavu la Kaizari na bawa la tai, uone kama mistari bado ipo. Na unatazama ngozi. Fedha ikikaa miaka mingi inavaa weusi wake taratibu, na weusi ule ndio sisi wakusanyaji tunaoulipia. Ukiusugua, umekwenda. Haurudi.

Jumatatu, kwenye kundi letu la kuuziana vitu mtandaoni, katikati ya magodoro na vitoto vya nguruwe, nikaiona. Rupia. Imepigwa picha juu ya mkeka, kivulini, nyeusi tii kwenye mikunjo ya kofia, mistari ya bawa inahesabika.

Nikaweka mkasi chini.

Muuzaji ni mama mmoja wa Katumba Songwe, mkulima wa kokoa, nitamwita Mama Subilaga. Alisema ilikuwa ya babu yake na ameiweka miaka yote ndani ya kopo. Safari hii sikukurupuka. Nikamwomba kwa heshima zote aipeleke kwa sonara apime uzito, aigonganishe na sarafu nyingine anirekodie mlio, kisha anipigie picha mpya juani: mbele, nyuma na ukingoni. Nikamwahidi kwamba ikiwa halali naichukua kwa bei yake ileile, sipunguzi hata senti.

Uzito ukaja, gramu kumi na moja na ushee, ndiyo yenyewe. Mlio ukaja, mrefu na mwembamba, nikausikiliza mpaka mteja akaniuliza kama niko salama. Juzi zikaja picha.

Jamani.

Inang'aa kama kijiko cha harusi. Kaizari ameoshwa, tai ameoshwa, simba ameoshwa. Nikaikuza picha nikaona mikwaruzo imejaa usoni, inazunguka ulivyozunguka mkono wa msuguaji. Chini yake mama ameandika: "Nimeitakatisha kwa majivu na ndimu, mwanangu, upate kuona vizuri. Ndaga fijo." Yaani asante sana, kwa Kinyakyusa chetu.

Ameniandalia rupia kama anavyomwandalia mgeni. Mimi Mnyakyusa mzima, niliyekua nasugua masufuria kwa mchanga mpaka mama yangu ajione sura yake, nimesahau kwamba kwetu kitu hakitoki ndani kwenda kwa mgeni bila kuoshwa. Nilimwambia kila kitu isipokuwa neno moja. Nimekasirika, na hasira yote imekosa pa kwenda isipokuwa kwangu.

Siku mbili nimejiuliza kama nivunje ahadi. Ile rupia niliyoiona Jumatatu haipo tena duniani. Lakini nilisema ikiwa halali naichukua, na halali ni halali.

Leo mvua ilipokatika akaja mwenyewe kwa bodaboda, kitenge kimelowa mpaka magotini, rupia ameifunga kwenye leso nyeupe iliyopigwa pasi. Nikamwamkia, nikamkalisha, nikaipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza kama imependeza. Ningemjibuje? Nikasema imependeza sana, mama. Nikamlipa.

Akafurahi mno, na furaha hiyo ndiyo ikaniumbua. Akasema mdogo wake wa Ngana anazo mbili kama hii, na asubuhi amemwambia azisugue vizuri maana mnunuzi anapenda kuona.

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nikamwambia mama, mpigie, mpigie sasa hivi! Hapo ikabidi niseme ukweli wote, kwamba weusi ule ndio thamani yake na kwamba ya leo imeshuka daraja.

Akainama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kumbe nimekuharibia?"

Roho iliniuma kuliko siku ile ya sumaku. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyeomba picha bila kusema. Akataka kunirudishia sehemu ya pesa, nikamfunga kiganja. Tukabaki tumeshikana mikono hivyo, hakuna anayeachia, mpaka tukaanza kucheka.

Akampigia mdogo wake, simu ikapokelewa, akaiweka sauti ya nje. Mdogo wake alikuwa kwenye karai. Moja ameshaimaliza, inang'aa ajabu. Ya pili ndiyo kwanza anaichukua. Mama Subilaga akamfokea aiweke chini, asiiguse, asiilowanishe.

Upande wa pili tukasikia karai likisogezwa. Kisha mdogo wake akauliza taratibu, kama anayeulizia hali ya mgonjwa, "Dada, huyo mteja wako ananunua uchafu?"

Ndiyo, mama. Ninanunua uchafu.

Kesho, mvua ikiniruhusu, nakwenda Ngana. Ile inayong'aa nitaitazama kwa adabu, nyeusi nitaigeuza juani taratibu, nikianza na ukingo. Na kuanzia leo, nikimwandikia muuzaji yeyote, salamu kwanza, halafu "tafadhali usioshe", ndipo mengine yafuate.