Spika Zina Paa, Dada Yako Hana

S.L.P. ile ile ambayo hujaiandikia tangu mwaka juzi,
Jumanne, mvua ikinyesha.

Mpendwa Shemeji,

Hujambo? Mkeo hajambo? Lile goti lako limeacha kulia ukipanda ngazi? Sisi huku ni wazima, ila mimi nina kikohozi na dada yako ana hasira, na kati ya hayo mawili kikohozi ndicho chenye dawa.

Nakujulisha kwa furaha kwamba zile spika mbili ulizonipa nimezifunga mwenyewe kwenye milango ya lori, na tangu mvua zianze hazijaguswa hata na tone moja.

Hapo nimekudanganya. Zimekunywa maji kuliko ng'ombe. Lakini ngoja nieleze, usianze kucheka kabla ya mahali pa kuchekea.

Lori unalijua, lina umri wa kuitwa babu. Mipira inayobana vioo vya milango imekakamaa, kwa hiyo mvua inateremka na kioo hadi tumboni mwa mlango, na spika zimo humo humo. Wiki ya kwanza zikaanza kukoroma. Ile kaseti ya kwaya ya dada yako, ambayo ndiyo humfanya akubali kupanda lori, ikawa inaimba kama watu waliotumbukia pipani.

Nikainama kuchunguza. Chini ya kila mlango nikakuta vitundu vitatu. Nikasema, kumbe mwizi anapitia hapa! Nikakata kandambili kuukuu, nikachonga vizibo sita, nikavigongomea kwa nyundo na kupaka gundi. Siku hiyo nilijisifu hadi kuku wakahama ua.

Mvua ikapiga siku tatu. Jumapili moja dada yako akavaa viatu vyake vyeupe vipya, akapanda. Nilipokata kona ya kwanza, mlango wake ukasema chubwi.

"Mzee, umebeba maji?"

"Hao ni waimbaji wa besi," nikamwambia.

Kona ya pili, ule ubao wa ndani ya mlango, uliokuwa umelowa ukalainika kama mkate kwenye chai, ukaachia. Spika ikamrukia mapajani, na maji ya siku tatu yakaifuata. Viatu sitaki kuvizungumzia.

Tulipofika nyumbani akasema, "Nikilowa humo tena mara moja tu, lori linakwenda kwa muuza vyuma chakavu, na mzani nitaushika mimi." Usisahau, Shemeji, kadi ya lori ina jina lake. Na bila lori mimi ni mzee tu wa kutumwa chumvi.

Nikamwita fundi redio. Alipoona vizibo vyangu alicheka mpaka akaketi chini. "Mzee wangu, umeziba choo ili nyumba isinuke! Hivi vitundu ndivyo vya kutolea maji. Mlango wa gari lazima uingize maji. Wewe yaachie njia, halafu spika uiezekee." Akaving'oa vizibo kwa koleo. Akakata dumu la mafuta, akaifanyia kila spika kipaa kwa nyuma, kimefunika juu, kiko wazi chini. Spika zenyewe tukazianika karibu na jiko siku mbili.

Nikazijaribu. Nilimwaga ndoo sita kwenye kila kioo huku kwaya ikiimba, na maji yakatoka chini kwa adabu zote. Dada yako alikuwa mlangoni amekunja mikono, lakini midomo niliiona ikifuatisha wimbo. Kesi nimeshinda, nikajua.

Sasa, fundi alitaka kurudisha ubao wa mlango mwenyewe. Nikamwambia aende, hiyo ni kazi ya watoto. Nilipomaliza upande wa dada yako, nilibaki na vyuma viwili mkononi, na kioo kimeshuka hakipandi. Chuma kimoja, cha kupandishia kioo, kimevunjika. Fundi anasema kupata kingine cha lori la umri huu ni mwezi mzima.

Dada yako akatazama kiti kinavyonyeshewa, akatazama spika iliyo kavu kama majivu. "Kwa hiyo spika zina paa, mimi sina?" Jumapili hii atapanda iwapo tu ana mwavuli. La sivyo, mzani.

Msalimie mkeo, na yule mwanao Kidevu. Mama mkwe mwambie namtunza binti yake vizuri. Habari za viatu zimeze. Mungu akujalieni nyumba isiyovuja.

Na ule mwavuli wangu mkubwa mweusi, uliouazima ukisema unafika nao kituoni tu na kesho utaurudisha? Kesho hiyo imeota ndevu. Mpe dereva wa basi, unifikie kabla ya Jumapili.

Wako akupendaye mvua na jua,
Shemeji yako, dereva wa lori la dada yako.