Kijineno cha Kufuata "Reason"

Keko, Jumanne, baada ya isha.

Lakini kwa nini Waingereza wasiridhike na "ya" moja kama sie? Sababu ya safari, sababu ya ugomvi, kwisha.

Mpwa wangu Rukia kesho ana mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Leo kaja karakanani. "Shikamoo mjomba. Baada ya 'reason' inakuja 'of' au 'for'?" Kaniuliza mie kwa kuwa nilikwisha kumwambia kwamba niliwahi kumfokea Gavana kwa Kiingereza hadi akaniomba radhi.

Nikamwambia asubiri gundi ya kiti ikauke. Gundi ikakauka. Nikaanza habari ya simba niliyemkaba Kibamba.

"Mjomba, mwaka jana huyo simba alikuwa chui."

Basi nikasema "for", kwa sauti ya mtu anayejua. Akaenda zake anairudiarudia njiani.

Sasa najiuliza. Mbao nyingine ukiipiga msumari inapasuka, inataka kigingi cha mti. Labda na maneno yao ndivyo yalivyo, kila moja na kishikizo chake. Lakini nani aliyeyapangia?

Akifaulu, Keko nzima itajua nani alimfundisha. Asipofaulu...

Ee Mola, naomba iwe "for".