Wapagazi Wako wa Risasi

Baba mdogo,

Shikamoo.

Neno hili nilikunyima mwaka mzima na zaidi, tukiishi nyumba moja na kula chungu kimoja. Asubuhi nilikupita barazani kama ninayepita gogo, na wewe ukaitikia "marahaba" polepole, ingawa sikuwa nimesema kitu. Leo nakuamkia kwa kalamu, nikijua hakuna jibu litakalokuja. Lakini lipo jambo ambalo lazima ulijue, na sina njia nyingine ya kukufikishia.

Nakumbuka siku niliyorudi kutoka Moshi na sanduku langu la bati na talaka yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sikuwa nimezaa. Watu wa Ngarenaro hapa Arusha walinitazama tumbo. Wewe ulinitazama mikono.

"Haitetemeki," ukasema. "Njoo unisaidie kupaka rangi."

Basi. Habari za mume hukuniuliza siku ile wala siku nyingine.

Mchana ulikuwa fundi kwenye karakana ya yule Singasinga, ukinyoosha mabati na kuziba madebe. Alasiri ukirudi ulitawadha, ukaswali, ukakaa kwenye ile meza ya mbao za masanduku, na hapo ukawa mtu mwingine. Ulikunja waya mwembamba ukawa mifupa, ukauvika nta, ukaichonga nta kwa sindano ya magunia hadi ikatoka pua, ikatoka kidevu, ikatoka mikunjo ya suruali. Ukatengeneza kalibu ya plasta, ukayeyusha risasi ya betri mbovu ndani ya kopo, ukamimina. Mtu aliyetoka hakuzidi urefu wa kidole cha kati. Ukampiga tupa, ukanipa mimi. Brashi zangu ulizipunguza kwa wembe zikabaki nywele tatu au nne.

Kazi hiyo ulijifunza Momela, kwa yule Mwingereza mzee aliyekuwa na shamba kule chini ya Mlima Meru. Alikuwa mwanajeshi zamani. Ulikuwa boi wake wa ndani, naye alikuwa na chumba kizima cha askari wadogo wa risasi waliopangwa juu ya meza, vita baada ya vita. Ulinisimulia kwamba siku moja alikuwa akipanga vita vya Mjerumani, vile ambavyo wewe ulikuwa mpagazi, akakuuliza kofia za askari zilikuwa na rangi gani. Ukamjibu. Kisha ukamuuliza, "Na wapagazi, bwana, utawaweka wapi?"

Akacheka. "Wapagazi hawapigani," akasema.

Alipouza shamba na kurudi kwao ulikuja na kalibu zake mbili zilizopasuka, na ukaanza kutengeneza wale ambao yeye hakuwa na nafasi nao mezani. Askari mmoja hukutengeneza. Ulitengeneza wapagazi tu: mwenye sanduku la risasi kichwani, mwenye gunia la unga, wawili waliobeba machela, mmoja ameinama anatapika. Kila mmoja alikuwa na kibati cha namba shingoni, kidogo kuliko punje ya ulezi, na namba umeichora kwa ncha ya sindano. Nilipokuuliza kama ulizibuni, ulinitazama kana kwamba nimekutukana.

"Hawa ni watu," ukasema. "Kila mmoja namjua kwa jina."

Walifika arobaini na kitu. Hukuuza hata mmoja. Wapo waliosema umerogwa, mtu mzima asiye na mke anacheza na vinyago. Mimi nilikuwa na furaha pale mezani, Baba mdogo. Sikuwahi kukuambia.

Kila Ijumaa Bibi aliletwa kwenye kigoda karibu yetu, macho yake yameshaingia ukungu, naye alikuambia jambo lilelile: "Hebu nieleze tena kaburi la mwanangu."

Ukaweka tupa chini, ukamweleza. Kwamba Waingereza walipoichukua Arusha waliwakamata nyinyi ndugu wawili sokoni, wewe na baba yangu, wakawapeleka kusini hadi Rufiji. Kwamba baba alipata homa, akafa usingizini kichwa chake kikiwa mapajani mwako. Ukamwosha, ukamswalia, ukamzika kwenye mwinuko ambao maji hayafiki, ukamwelekeza Kibla, ukapanga mawe. Kwa habari hiyo mama yangu alikaa eda. Kwa habari hiyo ilisomwa hitima. Nilikuwa mchanga mgongoni mwa mama baba alipoondoka, na kaburi hilo ndilo pekee nililopewa la baba.

Kwa hiyo nilikuomba unitengenezee uso wake. Ulikataa. Ukasema umesahau. Nikakuambia, "Unakumbuka namba za watu arobaini, uso wa ndugu yako umesahau?" Nilikusumbua masika nzima. Sijui ningekuwa nani leo kama ningenyamaza.

Uliponikabidhi baba hatimaye, ulikuwa umemfunga kwenye kitambaa. Nilikifungua barazani, mchana kweupe. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, mgongo hauna cha kuegemea. Uso ulikuwa mwembamba, na nikaiona pua yangu. Nikatabasamu. Kisha nikauona mkono wa kulia umenyooshwa mbele, vidole vimefunguka.

"Mkono huu unafanya nini?"

Ukaanza kukikunja kile kitambaa.

"Baba mdogo. Ulisema alikufa amelala mapajani mwako."

Ndipo ukaniambia, ukitazama ukuta. Haikuwa homa, alikuwa akihara damu. Alikaa kando ya njia kwenye matope, akashindwa kuinuka. Mnyapara alikuwa ameshasema atakayebaki na mgonjwa atahesabiwa mtoro, na mtoro mlishaona anavyofanywa. Ulikuwa na miaka kumi na minane. Baba alikunyooshea mkono akasema, "Mdogo wangu, nishike."

"Nilimwambia nakwenda kumchotea maji," ukasema. "Nikachukua blanketi lake nikaweka juu ya mzigo wangu, maana alfajiri kulikuwa na baridi. Nikaenda."

"Ukarudi?"

"Sikurudi."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Aliniambia niangalie nisiteleze."

Nilinyanyuka, nikamfunga baba yangu kwenye kanga, nikamfungia sandukuni bila rangi, kijivu vilevile. Tangu hapo ukanipoteza. Bibi sikumwambia. Nilijiambia namhurumia yeye, lakini ukweli ni kwamba nilitaka uendelee kusimulia lile kaburi kila Ijumaa nikiwa nimekaa pale pale, nakutazama. Niliona jasho lako. Nililiona na sikukuonea huruma.

Kisha tumbo likaanza kukusokota, na viganja vikalegea, vikaning'inia kama vya mtu aliyevunjika. Daktari akasema ni moshi wa risasi uliouvuta miaka yote ile, ukome. Hukukoma. Tupa ilikuwa inakuponyoka, unaiokota, inakuponyoka. Alasiri moja ulinisogezea brashi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. "Nipakie rangi huyu mmoja tu," ukasema. Sikuipokea. Niliingia ndani nikachambua mchele ambao haukuwa na mawe. Siku tisa baadaye tulikuzika.

Jambo lenyewe ninalokuandikia lilitokea Ijumaa ya kwanza baada ya arobaini yako. Bibi aliniita nimtoe nje. Nilimkalisha kwenye kigoda, karibu na meza yako, na akaniambia, "Mjukuu wangu, nieleze wewe kaburi la baba yako. Aliyekuwa ananieleza hayupo."

Nilisimama pale, Baba mdogo, na nilikuwa nao ukweli mdomoni. Mwaka mzima niliungoja wakati kama ule. Nikamtazama, mwanamke mzee ambaye hana tena mtoto hata mmoja juu ya ardhi, nikaanza: "Palikuwa na mwinuko, Bibi, mahali ambapo maji hayafiki. Akamwelekeza Kibla..."

Bibi akanishika mkono. "Na wewe umeanza?"

Nikachuchumaa mbele yake.

"Nimewazaa wote wawili," akasema. "Mtoto wangu akidanganya najua kabla hajamaliza neno la kwanza. Siku aliyorudi kutoka vitani, kabla hajavuka kizingiti, nilijua hakumzika ndugu yake."

"Sasa ulikuwa unamuuliza nini, Bibi, miaka yote hii?"

"Nilikuwa namfungulia mlango. Nilisema ipo Ijumaa moja atachoka, atanililia, aniambie alichofanya. Nimwambie mimi ni mama yake." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kumbe nilikuwa namtesa."

Nikaenda sandukuni, nikamleta baba, nikamweka mikononi mwake. Alimpapasa kwa vidole, taratibu, paji, pua, kidevu. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyu." Vidole vikashuka begani, vikafuata mkono hadi mwisho wake, vikakaa hapo muda mrefu.

"Anaomba nini?"

"Anangoja maji, Bibi."

Hakulia kwa sauti. Alimkumbatia kifuani kama mtu aliyeshika kifaranga, akajitikisa mbele na nyuma. Baadaye akauliza, "Na mdogo wake yuko wapi?"

"Hakujitengeneza."

"Basi mtengeneze wewe. Aliondoka kwangu na kaka yake. Sitaki mmoja akae peke yake njiani."

Kwa hiyo nimewasha jiko nje, mahali penye upepo. Kalibu zangu mbili za kwanza zilipasuka, na nimeungua kidole. Baba yangu nimeshampaka rangi; Bibi aliniambia alikuwa mweusi kukuzidi, na ana kovu juu ya jicho ambalo wewe ulilichonga na mimi sikuwa nimeliona. Wewe nimekutengeneza kijana wa miaka kumi na minane, mbavu zinahesabika, mzigo kichwani na blanketi juu ya mzigo. Nilifikiri nikutie kibuyu cha maji mkononi. Nilichonga hata nta yake. Kisha nikaing'oa, kwa sababu hukurudi na maji, na mimi sitakusemea uongo tena, hata ule mzuri.

Lakini nimekugeuza shingo. Hilo hukuniambia, nimelisoma mwenyewe katika ule uso: ungewezaje kuujua mkono ule, kidole kwa kidole, kama hukugeuka kumtazama?

Sijui kama nimekusamehe. Yapo mambo mawili, la baba na la brashi, na la brashi ni langu. Bibi amekusamehe zamani, kabla hujavua viatu vya safari, na wewe ulikaa naye nyumba moja miaka yote bila kujua. Nimeona usibaki huko bila kuambiwa.

Lala, Baba mdogo. Mzigo umeubeba vya kutosha.

Mimi mwanao,
binti wa kaka yako,
Ngarenaro